Batri ya Mashua Ikichoka: Ipime, Ibadilishe, Linda Macho na Watoto



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vumbi la mawe, kofia ya kazi, kelele za mashini na malaria. Mara hii tunaacha shimo la mgodi na kushuka mtoni. Tutasema juu ya kitu kinachokaa chini ya mbao, karibu na motere, na ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku kinapotukatalia: batri ya mashua.

Pengine utauliza: «Mganga ana shauri gani na batri? Hiyo si kazi ya fundi?» Swali ni zuri. Tunalijibu hivi. Batri iliyochoka inaweza kuzima motere katikati ya mkondo na kuwaachisha watu wazima na watoto bila taa. Batri iliyoguswa vibaya inapasuka na kutupa asidi machoni. Batri iliyoinuliwa vibaya inavunja mgongo. Na batri iliyokufa, ikiletwa nyumbani na kuvunjwa uani, inawatia watoto sumu polepole pasipo mtu kuona. Haya yote yanafika mbele ya meza ya mganga. Ni heri tuyazuie yakiwa bado mtoni.

Sisi wakaaji wa Kabondo, na wenzetu wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kisangani na Lubunga, tunajua maana ya mto. Lubunga iko ng'ambo. Mtu hafiki huko bila kuvuka maji. Kuanzia Kisangani mpaka Kinshasa mto unapitika kwa karibu kilomita 1 700. Kuna balenyeri zinazokwenda Yangambi, Isangi penye mdomo wa Lomami, na Basoko penye mdomo wa Aruwimi. Watumishi wa migodi wanapanda mashua hizo pamoja na chakula, madumu ya mafuta, mbuzi, na mara nyingine mgonjwa aliyelazwa juu ya mkeka. Yule mgonjwa hajui kama batri ni mpya ao ni mzee. Ni wewe unayepaswa kujua.

BATRI NI KITU GANI?

Batri tunayoizoea ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté katika mwaka 1859, na mpaka leo kazi yake haikubadilika sana. Ndani ya sanduku la plastiki kuna vyumba sita. Kila chumba kina sahani za risasi, ile madini ambayo mafundi wa gereji wanaiita plombo, zikiwa zimezama katika maji yenye asidi ya sulfuriki. Kila chumba kinatoa karibu volti 2,1. Sita pamoja zinafanya volti 12,6. Ndiyo sababu tunasema batri ya volti 12.

Motere kubwa za dizeli zinahitaji mara nyingi volti 24. Hapo fundi anafunga batri mbili moja nyuma ya nyingine: kichwa cha kujumlisha cha moja kinakwenda kwenye kichwa cha kutoa cha nyingine. Kumbuka mpango huu, kwa maana tutaurudilia.

Wakati batri inapotoa nguvu, asidi inaingia katika sahani na maji yanabaki mepesi. Wakati inapochajiwa, asidi inarudi katika maji. Lakini ikiachwa tupu siku nyingi, ule unga mweupe unaofanyika juu ya sahani unakuwa mgumu kama jiwe, na hautoki tena hata ukichaji kwa juma zima. Batri nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa kwa kuachwa na njaa.

DALILI ZA BATRI INAYOCHOKA

Batri haifi kwa ghafula bila kusema. Sikiliza lugha yake:

— Asubuhi demareri inageuza motere polepole, kama mtu aliyeamshwa na homa.
— Taa ya mbele inafifia wakati unapowasha motere, na inachukua muda kurudi.
— Unaongeza maji kila juma katika chumba kilekile, na vingine havipungui.
— Sanduku limevimba pembeni, ao limepasuka, ao linalowa bila mvua.
— Vichwa vya batri vina unga mweupe ao wa kijani.
— Kuna harufu ya mayai yaliyooza wakati wa kuchaji.
— Batri inajaa upesi sana, na inaisha upesi sana.

Ukiona sanduku limevimba, ao ukisikia ile harufu ya mayai, usiendelee kuchaji na usianze kupimapima. Zima mashini ya kuchaji kwanza, ngoja hewa ipite, kisha fungua nyaya. Batri hiyo haina dawa.

PIMA KWANZA, LAUMU BAADAYE

Wengi wanatupa batri nzuri kwa sababu ya waya mchafu. Wengine wananunua batri mpya, na baada ya mwezi mmoja hiyo nayo imekufa, kwa kuwa ugonjwa haukuwa katika batri bali katika alternateri. Mganga mwema hatoi sindano kabla ya kupima homa. Fundi mwema vilevile. Chombo chake ni voltimeta ndogo, ambayo bei yake haifikii hata kidogo bei ya batri.

*Kipimo cha kwanza: batri ikipumzika.* Zima kila kitu na uache batri itulie saa kadhaa. Usiku mzima ni bora zaidi. Kisha weka ncha za voltimeta juu ya vichwa vyenyewe. Soma hivi:

Volti 12,6 mpaka 12,7: batri imejaa.
Volti 12,4: imebaki na robo tatu.
Volti 12,2: nusu.
Volti 12,0: robo tu.
Chini ya 11,9: ni tupu.

Ukipima mara tu baada ya kuzima motere, namba itakudanganya. Itaonekana kubwa kuliko ukweli. Na kama batri imechajiwa vizuri, lakini inabaki karibu na 10,5, fanya hesabu: 12,6 ukitoa 2,1 inabaki 10,5. Maana yake chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Usipoteze mafuta ya jenereta juu yake.

*Kipimo cha pili: batri ikifanya kazi.* Chaji batri mpaka ijae. Acha ncha za voltimeta juu ya vichwa, na mwenzako awashe motere. Namba itashuka. Katika joto la kwetu isishuke chini ya karibu volti 9,6. Ikianguka mpaka 8 ao 7, batri imechoka, hata kama ilionyesha 12,6 ilipokuwa imelala. Ni kama mtu mwenye upungufu wa damu: akikaa kitini anaonekana mzima, mpe mfuko wa mchele abebe, hapo utajua.

Lakini kama namba inabaki juu ya 12 na demareri inalia «tak, tak» tu bila kugeuka, usiilaumu batri. Nguvu iko, ila haifiki. Tafuta katika nyaya na katika demareri.

*Kipimo cha tatu: nyaya.* Weka ncha moja ya voltimeta juu ya kichwa cha batri, na ncha nyingine juu ya kile chuma cha waya kinachokishika. Mwenzako awashe motere. Voltimeta inapaswa kuonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti ao zaidi, kuna uchafu kati ya vyuma hivyo viwili. Fungua, safisha kwa brashi ya chuma mpaka king'are, funga sawasawa, pima tena. Mara nyingi «batri mzee» inapona hapo hapo.

*Kipimo cha nne: motere ikizunguka.* Motere ikiwa imewaka, voltimeta ionyeshe kati ya 13,8 na 14,4. Ikibaki 12,5 na kuendelea kushuka, alternateri hailishi batri: tazama mkanda wake kama umelegea, kisha nyaya zake. Ikipita 15, batri inapikwa: maji yanachemka na kuisha. Kwa mpango wa volti 24, zidisha namba zote mara mbili.

*Kipimo cha tano: kila chumba peke yake.* Kama batri yako ina vifuniko, fundi anaweza kuvuta maji kidogo kwa kile kipimo cha kioo chenye kuelea. Batri iliyojaa inaonyesha karibu 1,265; zile zilizotengenezwa kwa inchi za joto zinaweza kuwa chini kidogo. Jambo kubwa ni kulinganisha vyumba. Vitano vikionyesha 1,25 na kimoja 1,18, kile kimoja kinavuta vyote kaburini.

*Kipimo cha mwisho: mwizi wa usiku.* Batri inajaa jioni, asubuhi ni tupu? Usiku wa kwanza iache na nyaya zake. Usiku wa pili, ikiisha kuchajiwa tena, ondoa waya wa kutoa. Ikiwa usiku wa pili haikupungua, kuna kitu katika mashua kinachokula nguvu kwa siri: taa iliyosahauliwa, redio, ao waya uliochubuka penye maji ya chini. Ikiwa inapungua hata bila waya, ugonjwa uko ndani yake yenyewe.

NI NINI INAYOUA BATRI MTONI?

Ya kwanza ni joto. Batri haipendi moto. Kwa kila digrii 10 zaidi ya kiasi, maisha yake yanapungua karibu kwa nusu. Kwa hiyo usiiweke mbavuni mwa motere.

Ya pili ni mtikisiko. Batri isiyofungwa inaruka na motere siku nzima, na sahani zake zinabomoka. Ifunge kwa mkanda ndani ya sanduku la mbao ao la plastiki.

Ya tatu ni maji mabaya. Maji ya mto, ya kisima na ya bomba yana madini ndani yake. Yakiingia katika batri yanaharibu sahani. Ongeza maji ya batri tu, yale yaliyosafishwa kabisa, na uongeze baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa sahani zimekwisha kuwa nje ya maji. Usiongeze asidi kamwe. Katika batri inayotumika ni maji yanayopungua, si asidi.

Ya nne ni kuila kupita kiasi. Tufanye hesabu. Taa ya wati 60 kwa volti 12 inakula ampe 5. Kwa saa 10 za usiku imekula ampe-saa 50. Kama batri yako ni ya ampe-saa 100, umekula nusu yake, na bado hujawasha redio wala kuchaji simu za abiria. Batri ya kuwashia motere haikufanywa kwa kazi hiyo. Heri uwe na batri mbili mbalimbali: moja kwa demareri tu, nyingine kwa taa na redio. Hivi, hata abiria wakimaliza ya pili kwa muziki, motere itawaka.

Ya tano tunaiona mara kwa mara katika mashua za volti 24. Mtu anataka kuchaji simu ao kuwasha taa ya volti 12, basi anafunga waya juu ya batri moja tu kati ya mbili. Hiyo moja inakonda, nyingine inanenepa. Wakati wa kuchaji, iliyonenepa inachemka na iliyokonda haishibi. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na mwenye mashua anasema batri za siku hizi hazifai.

NAMNA YA KUIBADILISHA BILA KUUMIA

Kwanza, fanya kazi hiyo mashua ikiwa imefungwa pwani, mchana, motere ikiwa imezimwa. Mapipa ya mafuta yawe mbali. Fungua mbao ili hewa ipite. Hakuna sigara, hakuna kiberiti, hakuna mama anayepika karibu. Katika mwezi wa Aprili 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto na watu zaidi ya 140 wakafa. Viongozi walieleza kwamba moto ulianza kwa mtu aliyekuwa akipika ndani. Ule haukuwa moto wa batri, lakini funzo ni moja: katika mashua ya mbao yenye mafuta, cheche moja inatosha.

Pili, vaa miwani ya kazi na glavu za mpira. Toa saa, pete na mnyororo. Pete ikigusa vichwa viwili kwa pamoja inakuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi, na kidole kiko ndani yake. Weka karibu ndoo ya maji safi kabla ya kuanza, si baada ya ajali.

Tatu, weka alama juu ya nyaya: kujumlisha, kutoa. Ukitaka, chora mpango juu ya karatasi ao upige picha kwa simu.

Nne, fungua waya wa KUTOA kwanza. Kwa nini? Kwa sababu waya huo umefungwa na mwili wa motere. Ukianza na wa kujumlisha, na ufunguo wako ukagusa chuma cha motere, umeunganisha batri nzima kwa mkono wako: cheche, moto, pengine mpasuko. Ukiisha kutoa waya wa kutoa, ufunguo ukigusa motere haufanyi kitu. Wakati wa kufunga batri mpya, geuza mpango: wa kujumlisha kwanza, wa KUTOA mwisho.

Tano, inua kwa akili. Batri ya ampe-saa 100 ina uzito wa kilo 25 mpaka 30. Piga magoti, mgongo uwe wima, batri iwe karibu na tumbo, inuka kwa nguvu za miguu. Katika mashua inayotikisika muwe wawili. Usiinamishe batri yenye vifuniko.

Sita, weka batri inayolingana: volti zilezile, ampe-saa zilezile ao zaidi kidogo, vichwa upande uleule ili nyaya zisivutwe. Kama ni batri mbili zinazofanya kazi pamoja, badilisha zote mbili siku moja. Mpya ikifungwa na mzee, mzee itaila mpya.

Saba, kabla ya kulipa pesa sokoni, pima. Batri mpya isiyofikia volti 12,4 imekaa dukani na njaa. Tazama tarehe iliyopigwa juu ya sanduku. Jihadhari na batri ya zamani iliyosafishwa na kubandikwa karatasi mpya: tazama vichwa, kama vina mikwaruzo ya ufunguo, batri hiyo imekwisha kuolewa mara moja.

Siku hizi kuna pia batri za litiamu, nyepesi na za kudumu. Ni nzuri, lakini hazitaki kuchajiwa ovyo ovyo. Usizifunge pamoja na batri za asidi, wala usizitie juu ya alternateri ya zamani bila fundi anayezijua.

ASIDI IKIINGIA JICHONI

Hapa tunaomba baba, mama na watoto wakubwa wasome pamoja.

Batri inapochajiwa inatoa hewa ya hidrojeni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ikifikia sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba, inaweza kuwaka. Ndiyo sababu hatuchaji batri chini ya kitanda, wala katika chumba kilichofungwa ambamo watoto wanalala.

Nimewahi kumpokea kijana fundi wa motere aliyetaka kutazama kama maji ya batri yanatosha. Jua lilikuwa limezama, akawasha kiberiti juu ya kifuniko kilicho wazi. Batri ilipasuka usoni mwake. Wenzake walimpenda, wakakimbia huku na huku: mmoja akatafuta maziwa, mwingine mafuta ya mawese, mwingine pikipiki ya kumleta. Nusu saa ilipita. Mto mzima ulikuwa hatua mbili kutoka pale walipokuwa, na hakuna aliyemwosha. Tulimwosha sisi, kisha tukampeleka hospitali. Jicho moja lilipona. La pili halikurudi kuona sawasawa mpaka leo.

Kwa hiyo shikeni hii kwa moyo:

1. MAJI, MARA MOJA. Usingoje mganga. Laza mtu, geuza kichwa upande wa jicho lililoumia ili asidi isiingie katika jicho lingine, fungua kope kwa vidole, na umimine maji bila kuacha kwa dakika 20 ao zaidi. Maji safi ni bora. Yasipokuwapo, maji ya mto ni bora kuliko kungoja.
2. Usitie maziwa, mafuta, dawa ya majani, wala magadi ndani ya jicho. Usisugue.
3. Kama ni ngozi, vua nguo zilizolowa wakati maji yanapomiminika. Usipake dawa ya meno wala majivu.
4. Kama mtoto amekunywa, suuza kinywa chake. Usimtapishe: asidi itachoma koo mara ya pili.
5. Halafu, kimbieni hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Jicho lililochomwa linaweza kuharibika polepole.

Asidi iliyomwagika juu ya mbao, imwagie magadi ya kupikia ao chokaa mpaka iache kutoa povu, kisha osha kwa maji mengi.

BATRI ILIYOKUFA ISIINGIE UANI

Sasa tunafika kwa jambo linaloniogopesha kuliko yote, kwa maana halilii wala halitoi damu.

Katika Kabondo, kama katika mitaa mingine ya Kisangani, batri haikai mtoni tu. Umeme ukikatika, inaingia nyumbani kuwasha taa na kuchaji simu. Na ikifa, kuna mtu anayeinunua, anaivunja kwa shoka, anamwaga asidi mchangani na kuyeyusha risasi juu ya makaa ili afanye vizito vya nyavu za uvuvi. Moshi unaingia ndani ya nyumba. Unga unabaki katika udongo. Mtoto anacheza hapo, anaweka vidole kinywani.

Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina hatari. Mtoto anapata upungufu wa damu, tumbo linamuuma, anafunga choo, anakuwa mzito shuleni. Ikizidi, anapata degedege na kufa. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Wengi watasema ni malaria, ao ni mchawi.

Haya si hadithi. Katika Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja batri na kuchekecha mchanga wake. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Katika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha kuyeyusha batri kilianza kazi katika mwaka 2007 karibu na nyumba za watu, na damu za watoto zilikutwa na risasi. Wakaaji, wakiongozwa na mama Phyllis Omido, walipigana mpaka kiwanda kikafungwa katika mwaka 2014. Katika mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1,3 za Kenya, na baada ya rufani nyingi Mahakama ya Juu iliunga mkono malipo hayo katika mwaka 2024. Lakini pesa hairudishi akili ya mtoto iliyokwisha kuharibika.

Na sisi watu wa migodi tukumbuke Zamfara, nchini Nigeria. Katika mwaka 2010 wachimbaji wa dhahabu walileta mawe nyumbani kuyasaga. Mawe yale yalikuwa na risasi ndani yake, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Baba alifikiri analeta chakula, kumbe analeta pia kifo katika nguo zake.

Basi, fanya hivi. Batri iliyokufa ibaki nzima, wima, mahali pakavu, mbali na watoto na jiko. Irudishe kwa muuzaji unaponunua mpya, ao kwa magazini ya kampani, nao waipeleke kwa wenye viwanda vya kazi hiyo. Usimwage asidi mtoni. Samaki wetu wanaishi humo. Usimuuzie mtu atakayeivunja uani kwake, hata akitoa bei nzuri. Ukifanya kazi ya batri, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Kama mtoto wako amecheza mahali batri zilipovunjwa, mwambie mganga waziwazi, pasipo haya.

KWA KUMALIZA

Ndugu mtumishi, usiku mmoja utakuwa katika mashua, mvua inakuja, na motere itazima. Kapiteni atageuza ufunguo. Ni wakati ule ndipo utajua kama voltimeta ilitumika juma lililopita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na mtoni hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Kabla ya kupanda, muulize kapiteni maswali matatu, kwa heshima: «Baba kapiteni, batri ya motere iko peke yake? Imepimwa lini? Imefungwa na kufunikwa?» Kapiteni mwema hatakasirika. Na wewe mama wa nyumba, tazama leo jioni chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Kama kuna batri pale, itoe nje ya chumba cha watoto usiku huu huu, uiweke mahali penye hewa, mbali na jiko.

Kinga ni bora kuliko tiba.